Kujificha na Kuiga kwa Wanyama katika Nchi ya Songea

Mwisho wa kiangazi, nyasi za miombo zinapokwisha kuungua, na nchi toka milima ya Matogoro mpaka mabonde ya Ruvuma ikawa nyeusi kwa masizi, watoto wa shule hutuletea panzi weusi kama mkaa. Huuliza: “Je, panzi hawa waliunguzwa na moto wasife?” Swali hili ni jema, na mwalimu asiyejua jibu lake hulijibu ovyo. Nasi twakiri ya kuwa kwa miaka mingi tulilijibu ovyo, tukasema kwamba panzi wengine huzaliwa weusi, wengine huzaliwa kijani, basi.

Halafu tuliaibishwa na kinyonga. Siku moja tulikuwa tukifundisha darasani, kama tulivyofundishwa sisi wenyewe, ya kwamba kinyonga huchukua rangi ya kitu chochote akikanyagacho. Mwanafunzi mmoja akaomba ruhusa, akatoka, akarudi na kinyonga juu ya kijiti, akamweka mezani juu ya kitambaa chekundu. Darasa zima likangoja kimya. Kinyonga akafura, akafunua kinywa chake, akafoka, akazidi kuwa mweusi. Lakini wekundu haukuonekana kamwe. Mtoto yule hakucheka wala hakusema neno. Akamchukua kinyonga wake akamrudisha mtini, nasi tukabaki na chaki mkononi.

Tangu siku ile tumejitahidi kutazama na kusoma kabla ya kufundisha, na makala hii yatokana na kazi hiyo. Twaiandika kwa ajili ya walimu wenzetu, kwa sababu jambo lenyewe si la mchezo. Mwalimu akikosea hapa, mtoto hujifunza uongo. Viumbe visivyo na hatia hupigwa mawe. Na tena, kama tutakavyoona tutakapofika kwa kifutu, mguu wa mtoto huweza kupotea.

1. Maneno yenyewe

Yafaa kwanza tutenge maneno, maana aghalabu huchanganywa. Kujificha kwa rangi ni mnyama kufanana na mahali alipo, hata jicho la adui, au la windo lake, lisimtenge na mahali hapo. Kujigeuza rangi ni mnyama mmoja kubadili rangi yake angali hai, upesi au polepole. Kuiga ni mnyama kufanana na kiumbe kingine kijulikanacho, hasa chenye sumu au chenye kuuma. Ajifichaye ataka asionekane. Aigaye huonekana waziwazi, ila hudhaniwa kuwa mwingine. Yule mdudu mwembamba afananaye na kijiti kikavu yu katikati ya mambo haya mawili: adui amwona, lakini humdhania kijiti, akampita.

Tena twasema kwamba wanyama wana “hila” na kwamba “hudanganya.” Maneno haya twayatumia kwa mfano tu. Mwanadamu asemaye uongo ajua kweli na kuiacha. Kipepeo hakuchagua rangi ya mabawa yake. Jinsi rangi hizo zilivyopatikana ilielezwa na Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, ambao maandiko yao yalisomwa pamoja London mwaka 1858. Watoto wa mnyama mmoja hawafanani kabisa. Walio rahisi kuonekana huliwa mapema. Waliofichika huishi, huzaa, na huwarithisha watoto wao umbo lao. Jambo hili likirudiwa vizazi maelfu kwa maelfu, kizazi cha mwisho huwa kama kilichopakwa rangi kwa makusudi.

Mfano ujulikanao sana ni wa nondo mmoja wa Uingereza aliyekuwa na rangi nyeupe yenye madoadoa, aliyefanana na magome yenye kuvu. Mwaka 1848, karibu na mji wa Manchester, alionekana nondo mweusi wa jamii hiyo hiyo. Moshi wa viwanda ulipoyatia magome masizi, ndege waliwaona weupe na kuwala, na kabla ya mwisho wa karne ile karibu nondo wote wa sehemu ile wakawa weusi. Sheria za kuzuia moshi zilipotungwa baada ya mwaka 1950, miti ilisafika, na weupe wakarudi. Hakuna nondo hata mmoja aliyekusudia kubadilika; ni midomo ya ndege iliyochagua.

2. Miombo na wakaao ndani yake

Mgeni apitaye katika pori la Songea huona miti tu. Walakini pori hili hubadili mavazi yake zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mvua zikinyesha, yote ni kijani. Toka mwezi wa Mei majani hukauka na nchi huwa rangi ya udongo. Moto ukipita, chini huwa pamesinyaa na kuwa peusi. Na kabla mvua hazijaanza tena, miombo huchipua majani mapya mekundu kama shaba. Mnyama akaaye humo yampasa afichike katika rangi hizi zote, au ahame, au ajigeuze.

Tumtazame kirukanjia, ndege wa usiku aketiye njiani jioni na kuruka mbele ya miguu ya msafiri. Hajengi kiota. Hutaga mayai yake, aghalabu mawili, juu ya majani makavu chini, akayalalia mchana kutwa bila kujongea, hata mtu aweza kumkaribia hatua mbili asimwone. Manyoya yake yana rangi ya majani makavu, ya magome, na ya kivuli, zote pamoja. Wataalamu waliowachunguza ndege hawa katika wilaya ya Choma, nchi ya Zambia, katika pori kama letu, walieleza mwaka 2016 na 2017 mambo mawili yafaayo kukumbukwa. La kwanza, kadiri manyoya ya kirukanjia yalivyolingana na mahali alipolalia, ndivyo mayai yake yalivyozidi kuokoka. La pili, kila ndege huchagua mahali panapolingana na manyoya yake mwenyewe, si ya jamii yake tu. Basi rangi peke yake haitoshi. Yahitaji pia kuchagua mahali na kutulia. Mwindaji yeyote wa nchi hii ajua jambo hili: si rangi ya swala imtoayo, ni mtikisiko wa sikio lake.

Tena wasomaji wamekwisha kuona ya kuwa swala na digidigi wana mgongo mweusi kidogo na tumbo jeupe. Sababu yake ni nini, nalo tumbo halionekani na mtu? Jua hupiga juu, na kivuli huwa chini. Kitu chenye rangi moja huonekana mviringo kwa sababu ya kivuli chake, kama chungu kilichowekwa uani. Lakini mnyama ambaye juu yake ni peusi na chini ni peupe, mwanga na kivuli hufutana mwilini mwake, akaonekana bapa kama kipande cha ardhi. Jambo hili lilielezwa na mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, mwaka 1896. Baadaye Mwingereza Hugh Cott, aliyekuwa amesafiri katika bonde la chini la Zambezi mwaka 1927, aliyakusanya mambo ya namna hii katika kitabu kikubwa mwaka 1940.

Mtu aweza kuuliza: chui ana rangi ya manjano, mbona swala hamwoni katika majani mabichi? Jibu ni kwamba macho si sawasawa. Sisi wanadamu, pamoja na nyani na tumbili, twatenga rangi nyekundu, ya machungwa na kijani. Swala hawawezi kuzitenga vema. Kwa hiyo yatupasa tukumbuke sikuzote ya kuwa mnyama hajifichi mbele ya macho yetu, bali mbele ya macho ya adui yake au ya windo lake.

3. Kifutu, na mguu wa mtoto

Katika kujificha kote kuliko katika nchi hii, hakuna kuliko na hatari kwa watu kama kwa kifutu. Nyoka huyu ni mfupi, mnene, mwenye alama za manjano na nyeusi zilizokunjwa kama mishale, afananaye na majani makavu na changarawe za njiani. Nyoka wengine wakisikia hatua za mtu hukimbia. Kifutu hakimbii. Usalama wake ni kutulia. Hungoja windo lije lenyewe, na akisikia hatua hulala kimya, kwa kuwa desturi ya jamii yake ni kutoonekana. Basi mtoto aendaye kuokota kuni humkanyaga, ndipo agongwapo.

Si macho tu yasiyomwona. Mwaka 2015 wataalamu wa Afrika Kusini waliwajaribu mbwa waliofundishwa kunusa, na nguchiro pia. Wanyama hao walitambua harufu ya nyoka wengine, lakini harufu ya kifutu hai hawakuweza kuitambua. Yaani, kifutu amejificha na puani pia. Mtu anayetegemea mbwa wake kumwonya, ajue kwamba mbwa naye hana habari.

Twasema haya kwa sababu katika miaka ya kufundisha kwetu tumewaona watoto waliogongwa, na mmoja aliyeletwa kwetu mguu wake ukiwa umefungwa kamba na kuchanjwa kwa wembe, na saa nyingi zilikuwa zimekwisha kupotea. Mguu ule haukupona wote. Mwalimu na awafundishe watoto hivi: watembee wakitazama chini, usiku wachukue taa, wasiingize mkono katika rundo la kuni au chini ya gogo wasipopaona. Na mtu akigongwa, atulizwe, asitembezwe, kiungo kisifungwe kamba wala kisichanjwe wala kunyonywa, bali apelekwe hospitali upesi, maana iko dawa ya kupinga sumu ya kifutu.

Yuko pia nyoka mwembamba wa mitini katika misitu ya kusini mwa Tanzania, ambaye hulala akiwa amenyoosha sehemu ya mwili wake hewani kama utambaa mkavu, akatikisika kidogo upepo upitapo. Watu humdharau kwa wembamba wake. Lakini sumu yake huzuia damu isigande, na dawa ya kuipinga haijapatikana. Mtaalamu wa nyoka wa Ujerumani, Robert Mertens, alikufa mwaka 1975 baada ya kuumwa na nyoka wa jamii hii aliyemfuga mwenyewe. Kijiti chenye macho kisiguswe.

4. Kinyonga na panzi

Sasa turudi kwa kinyonga wetu. Katika nchi za kusini mwa Afrika, walikotoka wazee wa Wangoni kabla ya kuvuka Zambezi mwaka 1835, yajulikana sana hadithi ya kuwa kinyonga alitumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa, naye akachelewa njiani. Mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Kwa ajili ya hadithi hii, na kwa ajili ya rangi zake, kinyonga huchukiwa na kuuawa mahali pengi. Wengine husema mate yake ni sumu. Si kweli. Kinyonga hana sumu yoyote. Kufura na kufoka ni kutisha kwake tu, maana hawezi kukimbia.

Na rangi zake je? Kinyonga aonekanaye sana kwetu hubadili rangi kati ya kijani, manjano, rangi ya udongo na weusi wenye madoa. Hawezi kuwa mwekundu juu ya kitambaa chekundu, wala buluu juu ya karatasi ya buluu. Rangi yake ya kila siku humficha vema majani, tena hutembea akiyumba mbele na nyuma kama jani lipeperushwalo. Lakini kugeuka kwake aghalabu ni kwa sababu nyingine: hasira, hofu, kutaka mume au mke, baridi na joto. Akiwa na baridi asubuhi huwa mweusi apate kunywa joto la jua. Usiku alalapo huwa mweupe, hata mwenye taa humwona upesi kuliko mchana. Basi yule wa darasani hakukosa kuijua rangi nyekundu; alikuwa akituambia kwa rangi yake ya kwamba anaogopa.

Jinsi agezavyo ilielezwa mwaka 2015 na wataalamu wa Geneva, nchi ya Uswisi, waliomchunguza kinyonga wa Bukini. Ndani ya ngozi yake mna vijiwe vidogo mno, vyenye kung'aa, vilivyopangwa kwa safu. Vikikaribiana huurudisha mwanga wa buluu, nao ukichanganyika na manjano iliyomo ngozini huonekana kijani. Mnyama akichokozwa, vijiwe huachana kidogo, mwanga urudishwao hugeuka, nayo ngozi huonekana ya manjano au ya machungwa.

Panzi weusi sasa ni rahisi kueleza. Moto haukuwaunguza, wala si wote waliozaliwa weusi. Panzi wa jamii kadhaa za Afrika, nchi ikiisha kuungua, hugeuka weusi polepole, kwa muda wa siku kadhaa. Wengine hugeuka wakati wajivuapo ngozi. Kinyonga hugeuka kwa dakika, panzi kwa siku, nondo wa Manchester kwa vizazi. Mambo haya matatu si moja, na mwalimu asiyachanganye.

5. Waigao

Katika bustani zetu huruka kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe. Huruka polepole, kama asiye na haraka ya kufika. Sababu ni kwamba kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, na sumu ya utomvu huo, iudhuruyo moyo, hubaki katika mwili wa kipepeo. Ndege mchanga amlaye hutapika, wala hasahau. Rangi ile basi si ya kujificha, ni ya kuonya.

Lakini yuko kipepeo mwingine, asiye na sumu hata kidogo. Dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yenye ukingo wa zambarau. Jike lake ni la machungwa, lenye ncha nyeusi na madoa meupe, sawasawa na yule mwenye sumu, hata mwendo wa kuruka humwiga. Namna hii ya kuiga ilielezwa kwanza mwaka 1862 na Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon. Katika Afrika jambo la ajabu kupita yote lilielezwa miaka ya 1860 na Roland Trimen, aliyekaa Afrika ya Kusini: yuko kipepeo wa misitu ambaye dume lake ni la manjano lenye mikia, na majike yake ni ya namna nyingi mbalimbali, kila namna ikiiga kipepeo mwingine mwenye ladha mbaya. Kabla yake watu walidhani kwamba hao ni jamii mbalimbali. Kumbe ni mke na mume.

Kuiga kwa namna hii kuna mpaka wake. Sarafu ya bandia hupita sokoni maadamu sarafu za kweli ni nyingi. Za bandia zikizidi, wachuuzi huanza kuzigonga zote mezani. Vivyo hivyo waigao wakiwa wengi kuliko wenye sumu, ndege huonja mara nyingi bila madhara, na onyo huharibika.

Wako na waigao wengine. Katika miti yenye maji moto, wale siafu wa mitini wakali, tazama vema: mmoja kati yao huenda ni buibui. Ana miguu minane, lakini miwili ya mbele huiinua na kuitikisa kama papasi za siafu, hata wawindao buibui humwogopa. Na yuko nyoka mla mayai, asiye na sumu wala meno ya maana, ambaye alama zake ni mfano wa nyoka wa jamii ya kifutu. Akichokozwa hujikunja na kusugua magamba yake hata yakatoa sauti ya kufoka. Huyu huuawa kila siku kwa sababu kuiga kwake kumefaulu mno kwa watu.

Ndege mmoja mdogo wa nyasi katika Choma hutiwa mayai ya ndege mgeni katika kiota chake, na mayai hayo huyaiga ya mwenyeji. Mwenyeji amejikinga hivi: kila jike hutaga mayai ya rangi na michoro yake mwenyewe, jekundu, buluu, jeupe, au kijani cha zeituni, kama sahihi ya mtu katika hati. Yai lisilo na sahihi yake hutupwa nje. Wataalamu walipolinganisha mayai yaliyokusanywa katika muda wa miaka 40 waliona ya kuwa sahihi za wenyeji zimebadilika, na za wageni zimezifuata.

6. Si kila rangi ni ya kujificha

Twamaliza kwa onyo. Wengi tulifundisha ya kwamba milia ya punda milia humficha asionekane na simba. Wataalamu waliopiga picha katika Tanzania na kuzipima kwa kadiri ya macho ya simba walieleza mwaka 2016 ya kuwa, toka mbali ya mita 50 mchana na mita 30 jioni, simba hawezi kuitambua milia hata kidogo. Na akiwa karibu hivyo amekwisha kumsikia na kumnusa. Katika miaka hiyo hiyo Tim Caro na wenzake walionyesha ya kuwa milia yapatikana hasa palipo na nzi wauma farasi na mbung'o, na mwaka 2019 farasi waliovikwa nguo zenye milia walitua nzi wachache kuliko waliovikwa nguo za rangi moja. Basi milia ni kinga ya nzi kuliko ya simba.

Walimu wenzetu, somo hili halihitaji vitabu vingi. Chukua punje 20 za mahindi meupe na maharage 20 ya rangi ya udongo, uzitawanye penye majani makavu, uwaambie watoto waokote kwa kuhesabu mpaka 30. Halafu hesabuni kilichobaki. Wataona kwa mikono yao wenyewe ni rangi gani iliyookoka, na kwa sababu gani. Kisha rudieni penye masizi ya kiangazi, mtazame kama hesabu ni ile ile.

Na mtoto akileta kinyonga, asipigwe wala kinyonga asiuawe. Awekwe juu ya kijiti penye mwanga, watoto waandike saa na rangi waliyoiona, kisha arudishwe mtini. Sisi tulijifunza kwake siku moja zaidi ya tuliyokuwa tumeyafundisha kwa miaka.